Kusaga Kisiki Uani: Kuanzia Kipimo Hadi Nyasi Mpya

Mti ukishaanguka na magogo yakabebwa, wenye nyumba hupumua. Wiki mbili baadaye ndipo wanapokiona kilichobaki: kisiki katikati ya ua, kinawakwaza watoto jioni, mkata nyasi anakizunguka huku akisonya, na mvua ya kwanza ikinyesha kinatoa machipukizi kana kwamba hakijasikia habari ya msumeno. Beki asiyepitika tunamwita kisiki, na aliyeanzisha jina hilo nadhani aliwahi kupambana na kimoja kwa sururu.

Nauandika mwongozo huu kama fundi ninayesaga visiki kwenye nyua za watu kwa mashine yenye gurudumu la meno. Unamfaa fundi anayeanza, na unamfaa zaidi mwenye nyumba anayetaka kujua analipia nini. Niseme mapema ninachokiamini: muda ambao meno ya mashine yanagusa mti ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kazi nyingi nilizoona zimeharibika ziliharibika kabla mashine haijawashwa, au baada ya kuzimwa.

Hatua ya 1: Uliza hapo patakuwa nini

Mteja akipiga simu huuliza bei. Mimi humuuliza anataka kupafanyia nini mahali pale, maana jibu lake ndilo linaloamua kina, na kina ndicho kinachoamua mashine, muda na malipo.

Akitaka nyasi tu, sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi zinatosha. Bustani ya maua au mboga inataka angalau sentimita 30. Anayetaka kupanda mti mwingine palepale namsagia hadi 40 au zaidi kama mashine inafika, lakini kwanza humshauri asogee mita moja au mbili pembeni. Mizizi minene ya mti wa zamani bado imo, udongo umejaa mbao zinazooza, na mche mchanga utapata taabu isiyo na sababu wakati kuna nafasi hatua tatu kutoka hapo.

Anayetaka kujenga ndiye wa kumkalisha chini. Zege, njia ya vigae, ukuta, banda la gari: hivyo vyote havikai juu ya mbao. Kisiki kilichosagwa nusu kikafunikwa kwa zege kitaoza polepole, chini patabaki pango, na zege litapasuka mwaka ambao hakuna anayekumbuka tena kwamba hapo palikuwa na mti. Kwa kazi ya namna hiyo kisiki, mizizi minene na chenga zote (vipande vidogo vya mbao vinavyotemwa na mashine) ni lazima zitoke, kisha shimo lijazwe kifusi na kushindiliwa. Mara nyingi katapila la kuchimba linafaa kuliko mashine yangu, nami husema hivyo hata kama kazi inanipita.

Kuna na visiki vya kuachwa mahali pake. Kisiki kilichokaa kwenye mteremko mkali au ukingo wa mtaro kinaweza kuwa ndicho kinachoshika ule udongo. Kikate usawa wa ardhi, panda kitu chenye mizizi mingi pembeni, na ukiache. Kilichobanana na msingi wa nyumba kinasagwa upande wa nje tu, kilichobaki kinamalizwa kwa patasi na shoka, taratibu.

Njia nyingine zipo. Kung'oa kwa sururu na mtaimbo kunafaa kwa visiki vyembamba, kama una siku nzima na mgongo mzuri. Nitrati ya potasiamu inayomiminwa kwenye matundu ya keekee husaidia kisiki kuoza, ila kwa miezi mingi na pengine miaka. Moto siupendi kabisa: mzizi mkavu huweza kufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa na kuibukia usikotarajia, chini ya uzio wa mbao kwa mfano.

Hatua ya 2: Pima chini, usipime juu

"Kisiki changu ni cha sentimita 40," mteja anasema kwenye simu. Ukifika unakuta amepima uso wa juu, pale msumeno ulipopita. Chini, pale mizizi inapopanuka kama vidole vya mguu kabla ya kuzama ardhini, kisiki hichohicho ni sentimita 80. Upana ukiongezeka mara mbili, mbao ya kusaga inaongezeka mara nne. Hapo ndipo ugomvi wa bei unapozaliwa.

Kwa hiyo laza futi ya kupimia kwenye usawa wa ardhi, pima sehemu iliyo pana kuliko zote, na ujumlishe vile vidole vya mizizi unavyotaka viondoke. Andika pia urefu wa kisiki juu ya ardhi, aina ya mti, umbali wa ukuta au uzio ulio karibu, na upana wa geti. Kama ni mteja, piga picha mbili: moja ya kisiki kikiwa na kitu kinachojulikana ukubwa wake, ndoo kwa mfano, na nyingine ya njia yote kuanzia barabarani. Picha ya pili ndiyo watu huisahau, na ndiyo ninayoihitaji zaidi.

Aina ya mti ina maana yake. Mvinje ni mgumu hasa, na mti wowote mgumu uliokauka miaka kadhaa hula meno ya mashine kuliko ulipokuwa mbichi. Kisiki kilichooza katikati kinaonekana rahisi, lakini hukatika mapande mapande na kurushwa badala ya kusagika. Jamii ya minazi ina tabia yake: haina mizizi minene ya kutambaa, ila shina lake ni nyuzi tupu, na nyuzi hizo hujizungusha kwenye gurudumu hadi uzime na kuzikata kwa kisu. Mnazi mwembamba umewahi kunichelewesha kuliko mwembe mnene.

Hatua ya 3: Tafuta kilichozikwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Gurudumu la mashine linashuka chini ya ardhi mahali usipopaona. Huko kunaweza kuwa na waya wa umeme, bomba la maji, bomba la gesi, nyaya za simu na intaneti, bomba la maji taka. Mizizi hupenda kukumbatia mabomba, hasa yanayovuja, hivyo bomba linaweza kuwa limepita katikati ya mizizi ya kisiki chenyewe. Kabla ya siku ya kazi, wasiliana na mashirika yanayosambaza umeme, maji, gesi na simu waje wakuoneshe njia zao na kuziwekea alama za rangi au vibendera. Wape siku za kutosha. Usiwaite asubuhi ya kazi.

Kuna jambo moja ambalo alama hizo hazikwambii. Mashirika huonesha njia zao wenyewe, kwa kawaida hadi kwenye mita. Bomba la kumwagilia bustani, waya wa taa za uani, mfereji wa maji ya mvua aliouchimba baba mwenye nyumba miaka 20 iliyopita: hivyo havimo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Niliwahi kuitwa kusaga kisiki cha mwembe nyuma ya nyumba ya bibi mmoja. Nikamuuliza, "Bibi, hapa chini pamewahi kupita waya au bomba?"

Akanijibu bila kusita, "Hapana mjukuu wangu. Hapa hata sindano haijazikwa."

Nilichimba kwa jembe upande mmoja, sikukuta kitu. Upande wa pili nikafanya uvivu. Dakika ya kumi gurudumu likatema kipande cha plastiki, kisha uzi wa shaba uking'aa kwenye chenga. Nikazima. Bibi akaja, akaangalia, akashika kiuno. "Aaa! Kumbe ile taa ya marehemu babu yenu!" Mzee alikuwa ametundika taa mtini, akazika waya wake kina cha kiganja. Bahati yangu, mtu alikuwa ameshaukata upande wa nyumbani, haukuwa na umeme.

Tangu siku hiyo siulizi kama pamepita waya. Nauliza maswali ambayo mtu anaweza kuyaona kichwani: mti huu uliwahi kuwa na taa? Mlikuwa mnamwagilia kwa bomba kutoka wapi? Choo cha zamani kilikuwa upande gani? Nani aliwahi kuchimba mfereji hapa? Majibu huja mengine kabisa. Na baada ya majibu bado nachimba kwa mkono kuzunguka kisiki chote, kina kile nitakachosaga, mahali popote penye shaka. Mahali palipowekewa alama, kazi ni ya mkono tu.

Hatua ya 4: Chagua mashine na njia yake

Mashine zote za kazi hii zina moyo mmoja: gurudumu zito la chuma lenye meno yaliyotiwa ncha za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida), linalozunguka kwa kasi huku likipelekwa kushoto na kulia juu ya kisiki. Zinatofautiana kwa ukubwa na kwa jinsi zinavyosogea.

Ndogo, za kusukuma kwa mikono, huwa na injini ya nguvu za farasi 13 hivi. Zinaingia popote, ila mikono yako ndiyo inayozipeleka huku na huku, na kwa kisiki kikubwa utaikumbuka kesho yake. Za kati hujiendesha zenyewe kwa magurudumu au minyororo, nguvu za farasi 25 hadi 40 hivi, na nyingi hupita kwenye geti la sentimita 90. Baadhi huvuliwa magurudumu ya nje ili zipite, kisha yanarudishwa zikishaingia. Usisahau kuyarudisha, bila hayo mashine huyumba. Kubwa, zile za kukokotwa na gari, ni za mashamba na viwanja vipya. Kwa ua wa nyumba ya kawaida, ya kati ndiyo yangu.

Tembea njia yote kabla ya kushusha mashine. Angalia ngazi, vigae dhaifu, kifuniko cha chemba ya maji taka. Mashine yenye uzito wa mamia ya kilo ikipita juu ya kifuniko chembamba, utakuwa na shimo la pili la kulifukia. Tandika mbao au plaiwudi kwenye nyasi na vigae. Kama udongo umelowa hadi unaacha nyayo, ahirisha: magurudumu yatachora mitaro uani kote, na chenga zilizochanganyika na tope hushikamana na gurudumu. Unyevu kidogo, kwa upande mwingine, ni neema, maana hupunguza vumbi.

Hatua ya 5: Safisha, kisha fupisha kisiki

Kato la msumeno wa injini hufanya kwa dakika tano kile ambacho mashine ingefanya kwa nusu saa. Kama kisiki kimesimama hadi magotini, kikate kiwe chini kadiri inavyowezekana bila mnyororo kugusa udongo. Mnyororo ukigusa udongo unapoteza makali papo hapo.

Sasa chukua mtaimbo, sururu na reki. Ondoa mawe yote kuzunguka kisiki, angalau nusu mita pembeni, na uchokonoe katikati ya vidole vya mizizi, maana humo ndimo mawe hujificha. Jiwe hufanya mambo mawili: linavunja ncha ya jino, na linarushwa. Tafuta misumari, kulabu za kamba ya kuanikia nguo, seng'enge. Mti hukua juu ya chuma na kukimeza. Huko nje huoni kitu. Doa jeusi la buluu kwenye uso wa mbao iliyokatwa mara nyingi ni dalili ya chuma ndani, kwa sababu kutu hukutana na tindikali za asili za mti. Niliwahi kulidharau doa la namna hiyo. Ndani kulikuwa na kulabu ya bembea, nene kama kidole changu, na ilinila meno matatu kabla sijawahi kuvuta leva ya kusimamisha.

Hatua ya 6: Vaa, na ondoa watu

Miwani ya kinga pamoja na ngao ya uso, kinga ya masikio, buti zenye chuma mbele, suruali nzito. Shati lichomekwe, hakuna kamba ya kofia inayoning'inia, hakuna skafu. Kukiwa kukavu, ongeza barakoa ya vumbi.

Watu na wanyama wakae mbali. Mimi huweka mita 20, na mlango wa nyumba wa upande ule unafungwa. Madirisha na magari yaliyo karibu nayafunika kwa plaiwudi au turubai nzito. Watoto huvutiwa na mashine hii kuliko kitu chochote, kwa hiyo naomba mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kuwashika. Ukimwona mtu anakatiza, zima kwanza, salimia baadaye. Na gurudumu haliachi kuzunguka papo hapo ukilikatia nguvu; subiri lisimame kabisa kabla mkono au mguu haujasogea.

Hatua ya 7: Saga

Sogeza mashine hadi gurudumu liwe juu ya ukingo wa kisiki ulio karibu nawe, sentimita chache tu ndani. Funga breki. Pandisha injini hadi mwisho kabla meno hayajagusa mti. Gurudumu lililo taratibu hung'ang'ania mbao na kuirusha mashine.

Shusha gurudumu kidogo, sentimita 3 kwa mti mgumu, 5 hadi 7 kwa mti laini. Kisha lipeleke polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, hadi litoke nje ya kisiki. Shusha tena, rudi upande uliotoka. Meno ya pembeni ya gurudumu ndiyo yanayokula wakati wa kwenda na kurudi, kwa hiyo usilikandamize kutoka juu kama mtu anayetwanga. Ukifika kina unachotaka kwenye ukanda huo wa mbele, inua, sogeza mashine mbele sentimita 10 hivi, anza ukanda unaofuata. Ndivyo hivyo hadi mwisho wa kisiki.

Anayeanza hutazama kisiki. Mzoefu husikiliza. Injini iliyo sawa ina ngurumo moja isiyopanda wala kushuka. Ikianza kuzama, punguza mwendo wa kupeleka gurudumu, liache lipumue, kisha endelea. Mlio mkali wa ghafla, kama sufuria iliyoangukia sakafu, ni jiwe au chuma: inua, zima, subiri lisimame, kaangalie. Usijidanganye kwamba kimeshapita.

Tazama pia kinachotoka. Meno makali hutoa chenga, vipande vidogo vinavyoshikika mkononi. Meno butu hutoa unga na harufu ya mbao iliyoungua, na mashine hutetemeka hadi viganja vinakufa ganzi. Hapo simama ugeuze au ubadilishe meno. Kuendelea ni kuchoma mafuta na kuchakaza bolti. Mwanzoni mwa kazi chenga huwa nyeupe au nyekundu kulingana na mti. Ukishuka huchanganyika na udongo zikawa za kahawia. Pale unapoona udongo mtupu kwa upana wote wa gurudumu, umetoka chini ya kisiki, au umetoka pembeni yake. Tofauti hiyo huwezi kuijua hadi uondoe chenga na kuchungulia, na ni lazima uchungulie, kwa sababu lundo la chenga hufunika vipande vilivyosahaulika vizuri sana. Fundi mvivu analijua hilo. Mteja naye alijue.

Kina usikikisie. Weka ubao ulionyooka juu ya shimo, ncha zote mbili zikae kwenye ardhi ambayo haijaguswa, shusha futi hadi chini. Pima sehemu tatu. Kisiki cha sentimita 30 au 40 kwa mashine ya kati huchukua nusu saa hivi; mti mnene na mgumu unaweza kula saa mbili na seti ya meno.

Hatua ya 8: Fuata mizizi, lakini jua pa kuishia

Mizizi mingi ya mti hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na huenda mbali kuliko kivuli cha matawi yake. Hakuna anayeiondoa yote. Inayosagwa ni ile inayoonekana juu ya ardhi au inayogonga panga la mashine ya nyasi. Ifuate kwa gurudumu hadi inapozama, kisha iache. Iliyobaki itaoza chini kwa miaka kadhaa bila kumdhuru mtu.

Kama kuna mti hai jirani, simama kwanza. Huenda mzizi unaoufuata ni wa ule uliosimama, na ukiikata minene ya upande mmoja unaweza kuudhoofisha hadi upepo uje kuumalizia. Chimba kwa mkono uone mzizi unatoka wapi. Kama mti huo ni wa jirani wa upande wa pili wa uzio, mwite naye aone.

Hatua ya 9: Chenga na shimo

Kila mteja mpya hushangaa jambo lilelile: "Hizi zote zimetoka kwenye kisiki kile?" Tuhesabu. Shimo la upana wa mita moja na kina cha sentimita 30 lina karibu robo ya mita moja ya ujazo. Mbao na udongo vikisagwa hulegea, vikawa karibu mara mbili. Hiyo ni nusu ya mita ya ujazo. Kwa toroli la lita 80, ni toroli sita. Kisiki kimoja. Ndiyo maana suala la nani anaondoa chenga liandikwe kabla ya kazi, pamoja na kina, mizizi ya pembeni na nani anafukia shimo. Mkiwa mnaandika, mwulize fundi kama ana bima ya hasara anayoweza kuwasababishia wengine. Fundi mzuri haudhiki kwa swali hilo.

Njia rahisi ni kurudisha chenga shimoni, ukakanyaga na kuondoka. Njia hiyo ina malipo yake. Chenga huoza na kushuka, mwaka unaofuata unakuta bakuli mahali palipokuwa tambarare, maji yanatuama. Zaidi ya hapo, vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na huichukua kwenye udongo uliopo. Nyasi ulizopanda juu yake zinageuka njano ukadhani ni ugonjwa.

Kwa hiyo zoa chenga hadi uuone udongo. Jaza shimo kwa udongo mzuri wa juu kwa tabaka za sentimita 10 au 15, kila tabaka ukilikanyaga au kulishindilia. Acha kichuguu kidogo, sentimita 5 hadi 10 juu ya usawa wa ua, maana udongo utashuka. Mwagilia, subiri wiki moja au mbili, sawazisha kwa reki, ndipo upande nyasi.

Chenga zenyewe ni mali. Zikitandazwa juu ya udongo, kwenye njia au chini ya vichaka, hutunza unyevu na kuzuia magugu; taabu ya naitrojeni huja hasa zikichanganywa ndani ya udongo. Usizirundike kwenye shina la mti hai wala kwenye ukuta wa nyumba, mchwa watakushukuru. Na kama mti ulikufa kwa ukungu wa mizizi, usizitandaze bustanini hata kidogo. Ukungu wa jamii ya Armillaria huishi kwenye visiki na kutambaa kwa nyuzi nyeusi kama kamba za viatu hadi kwenye miti mizima ya jirani. Chenga za kisiki cha aina hiyo ziondoke uani kabisa.

Hatua ya 10: Miezi inayofuata

Mikaratusi huchipua kutoka kwenye kisiki chenyewe, hivyo ukisaga vizuri hadi chini ya shingo ya mizizi, pale shina linapokutana na mizizi, kwa kawaida habari imekwisha. Mwarobaini na mipopla ni wakaidi zaidi: mizizi iliyobaki, hasa iliyojeruhiwa, inaweza kutoa machipukizi mita kadhaa kutoka palipokuwa na kisiki. Yakate au yang'oe yakiwa bado machanga, kila yanapotokea. Mizizi hiyo inaishi kwa akiba, na kila chipukizi linaloondolewa kabla halijapata majani ya kutosha ni hasara kwake. Msimu mmoja au miwili ya ubishi huo hutosha kwa miti mingi.

Uyoga nao unaweza kujitokeza nyasini baada ya mvua, ukifuata mstari wa mzizi uliozikwa. Unaozesha mbao, haudhuru nyasi. Wazuie watoto wasiuonje, nawe upige teke ukipita. Udongo ukishuka, ongeza ndoo moja au mbili juu ya nyasi, tandaza kwa reki hadi majani yachomoze, na fanya hivyo tena baada ya mvua kubwa ukiona bado panadidimia.